Mbuzi ya Sauti ya Pili

Arobaini ya Baba ilikuwa imeshapita Furaha aliponipigia simu kutoka Falls Church. Alinisalimia kwa taratibu zote, akamuulizia Mama, akawaulizia wanangu mmoja mmoja, akataka kujua kama siku hizi napata usingizi. Halafu akasema kwamba katika vitu vyote vya Baba kuna kimoja tu ambacho angekiomba, kama hakuna mwenye haja nacho: ile mbuzi ya kukunia nazi. Nikamjibu kwamba ngoja nitazame, sina hakika kama bado ipo. Wakati nasema hivyo nilikuwa nimeikalia.

Nilikuwa nyumbani kwa wazazi wangu Wheaton, hapa Amerika, sebuleni, nikikunja makoti ya Baba pamoja na Mama. Katika mfuko wa koti moja nilikuta kipande cha tangawizi kilichokauka mpaka kikawa kijiti, lakini harufu yake ilikuwa bado imo. Nilipokata simu nikamweleza Mama alichotaka Furaha. Hakuinua hata kichwa. "Mpe," akasema, "yule mtoto alimfaa baba yako." Basi. Mimi mtu mzima, mwenye mvi zangu, nikajikuta nimeibana ile mbuzi kwa magoti kana kwamba kuna mtu anakuja kuivuta chini yangu. Wivu wangu kwa Furaha una umri wa mtu wa kuoa sasa, na haujapungua hata kidogo.

Nawaeleza wenzangu wa rika langu, maana watoto wetu ukiwatajia mikanda na deki wanadhani unawatania. Kabla ya kuja Amerika Baba alikuwa mtafsiri wa picha Tanga. Si mtafsiri wa vitabu. Kulikuwa na kibanda cha video nyuma ya soko, kimezungushiwa magunia, na Baba ndiye aliyekaa kando ya televisheni na maiki mkononi, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili kila kinachotendeka na kila kinachosemwa. Wanaomkumbuka wanasema watu hawakuuliza leo kuna picha gani, waliuliza leo anatafsiri nani. Kisha bahati nasibu ya viza ikamwangukia, akaja huku, akaishia kwenye kibanda kingine, cha maegesho ya magari chini ya hoteli moja Alexandria ya Virginia. Huko alishinda akitoa tiketi na kusema maneno mawili matatu, yaleyale, mpaka jioni. Nadhani ndiyo maana Jumapili hakuzuilika.

Jumapili, Wakristo wakishatoka kanisani na sisi tukishaswali adhuhuri, watu walianza kugonga mlango. Walikuja Watanzania wa jengo letu, wauguzi wa Kikenya waliotoka zamu, na Mjomba Kasimu dereva wa teksi, ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Mama alipika chai ya maziwa na maandazi. Baba aliazima mkanda maktaba, mara nyingi picha za zamani za Hollywood kwa sababu hizo hazikugombewa. Alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikabaki mnong'ono, akatafuna tangawizi mbichi kulainisha koo, akaanza. "Stelingi huyo anaingia. Mtazameni viatu vyake, mtu wa viatu vile hafi leo." Alikuwa stelingi, alikuwa adui, alikuwa polisi, alikuwa farasi na mlango uliokosa mafuta. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni wanawake. Kila mwanamke wa Baba alisikika kama mwanamume mwenye mafua, na watu walicheka hata pale palipotakiwa machozi.

Kwa hiyo alihitaji sauti ya pili, na sauti ya pili ingekaa kwenye mbuzi. Mbuzi hiyo Bibi aliituma kutoka Tanga. Chuma chake chenye meno kiling'olewa uwanja wa ndege, na kwa kuwa Mama alikwisha kuzoea tui la kopo, ikabaki kuwa kiti kifupi tu, kushoto kwa Baba, kikimngoja mtu. Kila aliyekuja alijua mtu huyo ni mimi. Mjomba Kasimu alizoea kuniuliza naanza kazi lini. Nilikuwa na miaka minane, nasikia Kiswahili chote, pamoja na kile ambacho wakubwa walidhani sikisikii, lakini nikifungua mdomo kilitoka Kiingereza. Maneno nilikuwa nayo. Niliyapanga vizuri kichwani, na yakifika kwenye ulimi yanaona haya kutoka. Baba alisema hakuna haraka, mbuzi haiozi. Akanikalisha kwenye zulia, ubavuni kabisa mwa televisheni, mgongo ukutani, ambako niliweza kuusikia ule mnongʼono wa Kiingereza na watu wote waliniona uso. Mahali hapo nilipachukulia kuwa pa kungojea zamu yangu.

Kisha wakaja kina Furaha. Walikuwa Wakongomani waliokaa miaka kambini Kigoma kabla ya kupewa nyumba ghorofa ya juu yetu. Furaha, binti yao, alinizidi mwaka mmoja, na Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Jumapili yao ya kwanza alijibanza nyuma ya mama yake akila andazi. Kwenye picha kulikuwa na mwanamke amesimama mlangoni na sanduku lake, mumewe anamsihi. Kabla Baba hajafungua mdomo ikasikika sauti kutoka nyuma, nyembamba na kavu: "Mi naenda. Chakula iko ku meza. Ila mikono yenye ilipika, hiyo haiko tena."

Wauguzi walipiga makofi. Mjomba Kasimu alisimama na kikombe chake cha chai, akakaa, akasimama tena. Baba alinyoosha mguu, akaisogeza mbuzi kwa kidole gumba, akamwashiria aje. Na Furaha akaja, akakaa, magoti pamoja, hata hakujifuta sukari mdomoni. Baba akamnongʼoneza kitu sikioni, akavunja tangawizi yake akampa nusu. Ile nusu ilikuwa yangu. Kila Jumapili niliikataa kwa sababu inawasha, lakini ilikuwa yangu.

Sijawahi kuumia vile tena, na nimeshazaa. Tangu siku hiyo kila nilichokuwa nacho nilikiona kimepungua kwa sababu yake. Baba akicheka, nilipima kama amecheka zaidi kwa neno langu au kwa lake. Mama akimtilia chai, nilitazama kikombe. Hata kile Kiswahili chake cha Kongo, ambacho shuleni niliwasikia watoto wengine wakikicheka, pale sebuleni kilikuwa asali. Wageni wa mbali walirudi makwao Alexandria wakiwa wanamwigiza kwenye basi. Mimi niliyezaliwa na Baba nilikaa kwenye zulia kama mfuko wa mtu aliyekwenda msalani.

Na ubaya wake, Furaha alikuwa anasema uongo. Hilo mimi peke yangu nililijua, maana ndimi niliyesikia. Mwanamke wa kwenye picha anasema mvua inakuja, Furaha anasema, "Mama yangu alinikataza wewe, na sasa angalia." Mtu anauliza gari liko wapi, Furaha anamlaani ukoo mzima. Nilikunja uso, nikatikisa kichwa, nikanyanyua mikono. Siku moja nilishindwa kabisa, nikasema kwa sauti mbele ya watu wote: "That's not what she said, Baba." Sivyo alivyosema. Nilidhani nimemwokoa. Baba akacheka kwa upole, akajibu kwamba hayo ni yao, na sisi tuna yetu, akaendelea. Nikahitimisha kwamba Baba hajui anadanganywa, kwamba Kiingereza chake cha kutoa tiketi hakimfikishi pale, na kwamba nisipofanya jambo tutaharibikiwa.

Kuharibikiwa vipi? Hapo lazima nieleze nilivyoelewa mambo. Baba alizoea kusema, akiona waigizaji wanapewa sanamu zao za dhahabu, kwamba mtafsiri naye anayo yake, wamechelewa tu kumwita. Wakubwa walicheka. Mimi sikujua kuwa pana cha kuchekwa. Nilikuwa na hakika kwamba huko California kuna mtu ana kazi ya kufuatilia watafsiri wa dunia nzima, na kila mwaka siku ya tuzo nilitega sikio nikingoja jina la Baba. Sasa fikiria mtu huyo asikie Furaha anavyowalisha wanawake wake maneno. Sanamu ingeota mbawa. Kwa hiyo wivu wangu niliuita uaminifu, na nikalala vizuri.

Habari zenyewe za Hollywood Baba alizipata kwenye vitabu vikubwa vya picha vya maktaba, ambavyo mimi nilimsomea maelezo ya chini na yeye akayapika upya kwa ajili ya wageni. Aliwaeleza kwamba zamani sinema hazikuwa na sauti, na kwamba katika baadhi ya majumba alisimama mtu kando ya pazia kuwaeleza watu kinachoendelea. Picha zilipoanza kusema, mtu yule hakuhitajika tena. Hapo Baba alinyamaza kidogo kama anayemkumbuka ndugu yake. Waliofuata kuachishwa kazi walikuwa stelingi wenye sura nzuri na sauti mbaya. Kisha rangi zikaja, Baba akasimulia jinsi watu walivyoduwaa kuona gauni jekundu.

Lakini hadithi waliyoiomba mara kwa mara ni ya yule mwanamke mweusi wa kwanza kushinda, aliyeigiza mtumishi wa nyumba. Hoteli ya sherehe haikutaka watu weusi, kwa hiyo wenzake walikaa pamoja na yeye akawekwa kwenye meza ndogo kando, ukutani. Jina lake lilipotajwa ilimbidi atembee mwendo mrefu kuliko wote. Baba alisimama akautembea mwendo ule, kutoka dirishani mpaka jikoni, polepole, mabega yamenyooka, na muuguzi mmoja kila mara alitoa kitambaa. Watu walimwonea huruma mwanamke yule. Mimi, mgongo ukutani, nilimwonea wivu. Yeye hatimaye aliitwa.

Mwaka ule siku ya tuzo iliangukia Baba akiwa hana sauti. Baridi ya kule chini kwenye maegesho ilikuwa imemkaba koo, anafungua mdomo kunatoka upepo. Na watu walishajaa, kwa sababu siku ya tuzo ilikuwa kama sikukuu kwetu. Kila mwaka Baba alivaa tai kutafsiri hotuba za washindi, moja kwa moja, bila kuziona kabla. Mama akashauri mwaka huu waongeze tu sauti ya televisheni. Muuguzi wa kitambaa, Anti Nyambura, akakataa. "Zii," akasema. "Kama ni kuskiza wazungu, si niko nao job wiki mzima."

Nikasimama. Nikasema, "Mimi nitatafsiri." Kwa Kiswahili. Mama akaweka mkono mdomoni. Baba akamgusa Furaha begani, naye akaondoka kwenye mbuzi, akaenda kukaa pale kwenye zulia langu. Nikakaa. Mbao ilikuwa bado na joto lake, jambo lililoniudhi. Baba akavunja tangawizi akanipa nusu, nikaitafuna yote, macho yakanitoka maji, na nikaona kwamba dunia imerudi ilivyotakiwa kuwa.

Nilitafsiri kwa haki. Hakuna neno nililoongeza, hakuna nililoiba. "Anasema anashukuru kampuni. Anamshukuru wakili wake. Anamshukuru wakala wake. Anasema muziki umeanza, kwa hiyo anamaliza." Akaja mwongozaji mzee. "Anasema ni heshima kubwa. Anasema alikuwa na bajeti ndogo. Anasema asante." Mjomba Kasimu alipiga miayo akaifunika kwa mkono. Mtu akaenda kuongeza chai, akafuatwa na mwingine, wakabaki hukohuko jikoni wakizungumza habari za paspoti. Niliwasikia. Niliongeza sauti, nikiamini tatizo ni sauti. Nilikuwa nikisema kweli tupu kwa mara ya kwanza katika sebule ile, na sebule ilikuwa inaniponyoka.

Kisha ikafika tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Aliyeshinda alipanda jukwaani akashindwa kusema. Alishika ile sanamu kwa mikono miwili, midomo ikawa inatetemeka. "Anasema asante," nikatafsiri. "Anasema asante tena. Analia." Nikangoja. Hakusema kitu. Kwa kuwa hakusema kitu, nami sikuwa na cha kusema, nikamtazama Baba nione kama ameridhika nami. Baba alikuwa anatazama zulia.

Kutoka pale chini Furaha akasema, taratibu, kwa ile sauti yake kavu: "Nilikaa ku ukuta siku mingi, nikingoja muniite. Leo mumeniita, na miguu inakataa."

Waliokuwa jikoni wakarudi. Anti Nyambura akatoa kitambaa. Mama, ambaye katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akililia picha, aligeukia ukutani. Na Baba akaweka mkono wake begani kwangu, mzito na wa moto kwa homa, akasema kwa ule upepo uliobaki kooni: "Mpishe mwenzio."

Nikampisha. Nilirudi kwenye zulia, na Furaha akazisema hotuba zote zilizobaki, na watu walipiga makofi mpaka jirani wa chini akagonga dari. Baba hakuitwa mwaka ule pia. Kwa mara ya kwanza sikutega sikio.

Kiswahili hiki ninachokiandika, wenzangu, nilijifunza kwa hasira. Nilikisema bafuni maji yakiwa wazi. Nilikisema njiani kwenda shule. Niliwajibu wageni kwa Kiswahili mpaka wakashangaa mtoto amepatwa na nini. Baba alifurahi sana, alikuwa akinipigia simu kazini kwangu ili tu asikie naitikia vipi. Lakini kilipokaa sawa ulimini mikanda ilishakwisha, kina Furaha walishahamia Virginia, na mbuzi iliwekwa mlangoni ikawa ya kuvalia viatu. Furaha leo ni mkalimani wa hospitali, analipwa mshahara kusema kilichosemwa na wala asiongeze neno. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu garini, na halikuwa cheko zuri.

Jioni ileile ya makoti nilimpigia simu. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa kumwambia mbuzi haionekani. Badala yake nikajisikia namuuliza yale maneno ya siku ile aliyatoa wapi. Sikuhitaji kumkumbusha ni siku gani. Nikasema pengine aliyatoa kwenye hadithi ya mwanamke wa meza ya ukutani.

"Ile hadithi nilikuwa naijua," akasema, "lakini siyo kwake niliyatoa. Dada, mi sikujua Kingereza. Siku ya kwanza kabisa Baba aliniambia ku sikio: ukikwama, mutazame mwanangu pale chini, yeye ndiye anasikia. Basi nilikuwa naku-watch wewe. Ukikunja sura, najua kuko ugomvi. Ukitoa macho, najua kuko mutu atakufa. Ile siku ukakuja kukaa kwa mbuzi, nikakuangalia tu vile nimezoea. Yule mwanamke wa televisheni sikumuona hata. Nilisema chenye kilikuwa ku uso yako."

Mama aliacha kukunja, akanitazama. Nilikuwa nahesabu hasara upya: basi hata maneno yale yalikuwa yangu, na makofi yale, na kitambaa cha Anti Nyambura, na uso wa Mama uliogeukia ukutani. Alinichukulia kiti na akaninyang'anya na kilio changu, akakisema vizuri kuliko mimi. Na palepale nikatambua kwamba katika sebule iliyojaa watu walionipenda, aliyekuwa akinitazama kila Jumapili, bila kukosa, ni yeye. Yeye na aliyemwambia anitazame. Nilisikia wivu na nilisikia kupendwa, vyote kooni, vikiwasha kama tangawizi.

"Mbuzi ipo," nikamwambia. "Lakini sikupi."

"Sawa, dada."

"Njoo Jumapili. Mama atapika maandazi, tutaweka picha. Wewe utakaa kwenye zulia. Kwenye mbuzi nakaa mimi."

Akakubali, "Dakor. Ila uso unigeuzie."